Mkebe wa Chai Uliohesabu Mionzi

Mume wangu Tokuji alitengeneza televisheni za watu kwa miaka thelathini na minane, na miaka yote hiyo hakuwahi kutupa hata skrubu. Nilimpigia kelele mpaka sauti ikanikauka. Banda la nyuma lilijaa makabati, makabati yakajaa droo, droo zikajaa takataka alizoziita mali. Basi siku moja ya mwezi wa nne, mwaka mmoja na kidogo baada ya tetemeko la ardhi, na baada ya ule mtambo wa nyuklia wa pwani kulipuka na kutumwagia sumu yake mpaka huku milimani, akaingia jikoni amekumbatia droo moja, anacheka peke yake.

"Mama Chizuru, nimezipata!"

"Umepata nini? Akili?"

"Tazama kwanza, matusi baadaye."

Nikatazama. Vijidude vyeusi, vya mraba, vidogo kuliko ukucha, kila kimoja na vijiwaya viwili chini yake. Akaniambia vinaitwa fotodiodi, na ndivyo vinavyokaa mbele ya televisheni kupokea amri ya rimoti. Kazi yao ni kuhisi mwanga. Alikuwa amevichomoa kwenye televisheni zilizokufa, moja baada ya nyingine, tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

"Sasa," akasema, "ukivifunika kabisa, mwanga usiingie hata chembe, unajua ni kitu gani bado kitapenya?"

"Ubishi wako."

"Mionzi, mama. Mionzi inapita kwenye bati, inapita kwenye foili, inakigonga kijidude, nacho kinatoa umeme kidogo sana. Nikiukuza ule umeme, spika inalia tik. Nikizihesabu hizo tik, nitajua ni wapi pachafu na ni wapi pasafi ndani ya nyumba hii."

Niliacha kumenya karoti. Mzaha ulinitoka, maana nilijua anamfikiria nani.

Chizuru ni binti yetu pekee. Yeye na mumewe walikuwa wakiishi nasi, chumba cha mashariki, pamoja na mtoto wao Kotone. Siku ya nne baada ya tetemeko, mtambo ukifuka moshi kwenye televisheni, Chizuru alimfunga mtoto kifuani, wakaingia garini, na hawakusimama mpaka Osaka. Wakati huo Kotone alikuwa na miaka miwili. Alipotimiza mitatu nilimwimbia kwenye simu. Tulimwomba Chizuru amlete nyumbani sikukuu ya Bon, mwezi wa nane, siku ambazo hata wafu hurudi makwao, sembuse walio hai. Akajibu, "Mama, nitakuja naye mkinionyesha namba. Sizitaki zile za ofisi, za uwanja wa shule. Nataka namba za chumba atakacholala, sakafu atakayotambaa, na bafu atakaloogea."

Ofisi ya kijiji ilikuwa ikiazimisha vipimo, lakini kijiji kizima kilikuwa kwenye orodha, na zamu yetu ilikuwa mwezi wa kumi. Bon ingekuwa imepita zamani. Ndiyo maana mzee wangu alikuwa anazikumbatia zile takataka zake.

Mimi umeme siujui, najua chakula. Mboga za mlima wetu tulikatazwa kuchuma, na mimi si mkaidi kiasi hicho. Lakini kila Jumanne lilikuja gari la mboga kutoka Yamagata, ng'ambo ya milima, ambako ile sumu haikufika kwa kiasi cha kutisha, na muuzaji alibandika karatasi ya vipimo kwenye kioo cha gari ili kila mtu aisome. Kwake nilinunua warabi, yale machipukizi ya porini yaliyojikunja nchani, ambayo Chizuru aliyapenda tangu ana meno mawili. Nikayatoa uchungu, nikayachemsha, nikayakoleza kwa sosi ya soya na tangawizi. Kila Alhamisi boksi la baridi lilikwenda Osaka, na kila Jumapili asubuhi simu ililia.

"Mama, tumepokea. Tamu kweli kweli! Kotone kamaliza bakuli lote, anataka tena."

Basi mimi wiki nzima natembea kifua mbele. Mjukuu wangu yuko mbali, lakini mkono wangu umemfikia.

Tokuji alijichimbia bandani wiki mbili. Alipanga vijidude kumi kwenye kibao, akaviunga kwa risasi ya kuyeyusha mpaka nguo zake zote zikanuka moshi. Alikuja akaniibia foili ya jikoni, akaja akaniibia utepe mweusi, mwisho akaja kuchukua mkebe wangu wa majani ya chai, ule wa bati nene.

"Huo siutoi."

"Chai utaweka kwenye chupa."

"Na wewe utalala bandani."

"Nimeshazoea," akasema, akaondoka nao.

Siku ya kuuwasha alimwita jirani yetu Monma awe shahidi. Monma ni mgane wa miaka sabini na miwili mwenye maneno ya watu kumi, na mwaka ule ndiye aliyekuwa kiongozi wa nyumba zetu tisa. Tokuji akaweka mkebe mezani, akabonyeza swichi. Tukanyamaza. Dakika moja, hakuna kitu. Dakika ya pili, tik. Monma akashtuka mpaka akamwaga chai.

"Usiogope," Tokuji akamwambia. "Tik chache zipo dunia nzima, tangu enzi za mababu."

Mimi nikarudi kwenye kibao changu kukata figili. Mara ule mkebe ukapandwa na wazimu. Tik-tik-tik-tik-tik, haupumui! Tokuji akabadilika rangi. Monma akaruka, akavaa ndara yake moja na yangu moja, akatoka nje akipiga kelele, "Imekuja tena! Fungeni madirisha! Imekuja tena!" Mimi nimesimama na kisu mkononi, nawaza: basi, nyumba imekwisha, Kotone hatakanyaga hapa. Na ule mkebe nao ukanyamaza kimya.

Tokuji akanitazama. Akatazama kisu. "Hebu kata tena."

Nikakata. Tik-tik-tik. Nikaacha. Kimya.

"Mtikisiko!" akasema, akajipiga paji la uso. "Meza ikitikisika, foili nayo inatikisika, umeme unaruka. Si mionzi, ni figili zako."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kumrudisha Monma kutoka barabarani kulituchukua nusu saa, maana alikuwa keshazifungisha nyumba tatu madirisha.

Tokuji akauvika mkebe sponji pande zote. Wiki iliyofuata zamu ya Monma ya kipimo cha ofisi ikafika, na kwa kuwa bado tulimdai ndara yangu, hakuweza kutunyima. Wazee wale wawili wakazunguka na vipimo viwili kwa siku mbili, kile cha ofisi na kile cha mkebe, bega kwa bega, mtaroni, kwenye ngazi za hekalu, chini ya mti wa mpersimoni, kila mahali robo saa. Palipopanda cha ofisi, na cha mkebe kilipanda. Palipotulia, kikatulia. Tokuji akachora karatasini mstari wa kulinganisha vipimo vile viwili, na kutoka siku hiyo hata mimi niliacha kuuita mkebe wa chai.

Katikati ya mwezi wa sita tukaanza kupima nyumba. Nilikuwa na hamu na nilikuwa na wasiwasi, lakini hamu ilizidi. Tulikuwa tumeihangaikia nyumba ile jamani. Udongo wa juu wa uani uliondolewa na kuzikwa. Paa tulilisugua kwa brashi kigae kwa kigae, Tokuji akiwa amefungwa kamba kiunoni na mimi nimeishika. Mikeka ya tatami ya chumba cha mashariki tuliibadilisha yote. Tokuji alichora ramani ya nyumba, na kila mahali alipopima robo saa aliandika namba yake.

Chumba cha mashariki, tik kumi na moja. Ukumbi, kumi na mbili. Bafuni, kumi. Jikoni karibu na dirisha, kumi na tatu.

"Safi?" nikauliza.

"Safi. Hata Osaka huenda wana nane au tisa."

Nilikimbia kabatini, nikatoa godoro dogo la Kotone, nikalitundika juani. Nikaanza kupanga kichwani nitapika nini siku ya kwanza, nitapika nini siku ya pili. Kilikuwa kimebaki chumba kimoja tu, sebule, na sebule ndimo tunamoishi. Katikati kuna meko ya chini, ya kizamani, birika limening'inia juu ya majivu.

Tokuji akaweka mkebe ukingoni mwa meko, akabonyeza saa yake. Mimi nakunja nguo. Tik. Tik, tik. Tik. Nikaacha kukunja nguo.

"Ni birika hilo," nikamwambia. "Linatokota, linatikisa."

Akaliondoa birika, akalipeleka jikoni. Akaanza upya. Tik, tik. Tik. Tik, tik, tik. Robo saa ilipoisha akaandika. Nikachungulia. Arobaini na tatu.

"Ulikohoa wewe," nikasema. "Nilikusikia."

"Sikukohoa."

"Basi panya wa darini."

Alikwenda jikoni, kwenye kona ninapoweka mtungi wa majivu, akafunua kifuniko, akauegemeza mkebe kwenye majivu yale. Sikuhitaji saa. Mtu yeyote mwenye masikio angejua. Robo saa ilipoisha, themanini na sita.

"Kinue," akasema.

Mume wangu haniiti jina langu. Tangu binti azaliwe mimi ni Mama Chizuru, na kabla ya hapo nilikuwa "wee". Jina langu amelitaja mara chache sana, na mara ya mwisho ilikuwa mama yake alipokata roho. Nikakaa palepale sakafuni.

"Kuni," akasema. "Kinue, ni zile kuni."

Kuni zetu tunakata wenyewe mlimani na kuzipanga nje ukutani, chini ya upenu, kama kila nyumba hapa. Mwezi ule wa tetemeko zilikuwa pale. Mvua ilizinyeshea, theluji ikazifunika. Tulisugua paa, tukachimba uwanja, tukaosha mpaka nguzo za lango, na hapana mtu aliyezikumbuka kuni. Majira yote ya baridi tulizibeba kifuani, tukaziingiza ndani, tukazichoma, tukanyoosha mikono tuote moto. Na moto hauiui sumu ile. Mzigo mzima wa kuni unageuka majivu ya kujaza bakuli, na sumu ya mzigo mzima inabaki humo humo bakulini. Haya alinieleza Tokuji polepole, kama anamweleza mteja kwamba televisheni yake haitengenezeki.

Sasa mtu wa mjini atasema, majivu si yanatupwa? Kwetu hayatupwi. Nilipoolewa, kitu cha kwanza mama mkwe alichonikabidhi ni ungo wa kuchekechea majivu. Mke hupimwa kwa majivu yake: yawe laini, meupe, hayana hata kaa moja. Niliyachekecha kila asubuhi kwa miaka arobaini na moja, na yaliyozidi nikayaweka mtungini, kwa sababu yana kazi.

Ndipo nilipokumbuka kazi yenyewe.

Warabi mabichi hayaliwi. Ni machungu, na huumiza tumbo. Unayatandaza kwenye beseni, unayanyunyizia majivu viganja viwili, unayamwagia maji yanayochemka, unayaacha mpaka kesho yake. Majivu yanatoa uchungu wote. Hivyo ndivyo alivyofanya mama yangu na mama yake. Na mimi nilikwenda mpaka kwenye gari la Yamagata, nikasoma karatasi ya vipimo kwa miwani, nikachagua warabi safi yasiyo na doa, nikayaleta nyumbani, nikayalaza katika sumu hadi asubuhi. Kisha nikayafunga vizuri na kitambaa, nikamtumia mtoto wa miaka mitatu. Mara moja ningesema bahati mbaya. Nilifanya mara saba.

"Kotone," nikasema. Sikuweza kusema zaidi. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako walimwona mtu aliyeumwa na kunguni. Mimi kunguni wangu nilimchekecha kwa ungo, nikamtunza mtungini, nikamfunika asipate vumbi.

Monma akaingia wakati huo huo bila kubisha, kama kawaida yake. "Fundi, vipi, sebule imefaulu mtihani?" Akatuona tumekaa sakafuni, mtungi katikati yetu. Tokuji akamweleza kwa maneno machache. Monma akageuka akatoka, na aliporudi alikuwa na jalada la matangazo.

Jalada hilo linazunguka nyumba zetu zote tisa. Ofisi inatia matangazo, likifika kwako unasoma, unagonga muhuri wa nyumba yako kwenye kisanduku chako, unalipeleka kwa jirani. Lisilale kwako! Likilala, kesho utasikia kwamba kwa fulani ndiko mambo yanakokwama. Mimi kwa kugonga muhuri haraka sikuwa na mpinzani. Lilikuwa halikai kwangu hata muda wa chai kupoa. Matangazo yaliyokwisha kuzunguka yanabaki kwa kiongozi, na kiongozi ni Monma.

Akalifungua jalada mbele yetu, akapekua mpaka mwezi wa pili. Karatasi ya njano. Tokuji akasoma kwa sauti: "Majivu ya kuni zilizokuwa nje wakati wa ajali yasitumike kutoa uchungu wa mboga, wala kurutubisha bustani. Tafadhali yatiwe katika mifuko na kutengwa."

Chini yake, visanduku tisa. Kisanduku cha tatu, muhuri mwekundu wa nyumba yetu, umeinama kidogo upande wa kulia. Hivyo ndivyo ninavyogonga mimi, kwa haraka, mguu mmoja tayari uko mlangoni.

"Uligonga," Tokuji akasema. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

"Niligonga."

"Ulisoma?"

"Sasa ningesoma saa ngapi? Jalada lenyewe kila siku! Mara mionzi ya mto, mara mionzi ya mchele, mara mkutano, mara mafuriko. Nani anasoma yote?"

"Mama Chizuru," Monma akasema taratibu, akaweka kidole kwenye kisanduku cha kwanza. "Huu muhuri wangu. Na mimi ndiye kiongozi. Vitunguu vyangu vyote nimevimwagia majivu mwezi wa nne. Na nimevila. Na ninyi nimewaletea."

Tukatazamana wazee watatu. Mihuri tisa, yote imegongwa, yote imenyooka isipokuwa wangu. Nyumba zote tisa zilithibitisha zimesoma.

"Piga simu," Tokuji akasema.

"Piga wewe."

"Warabi si mimi niliyepika."

Ni kweli, na nilimchukia kwa kuisema. Nilitambaa mpaka kwenye simu kwa magoti. Ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana. Boksi la nane lilikuwa jikoni limeshafungwa, linamngoja mtu wa mizigo. Vidole vilikosea namba mara mbili.

"Mama?" sauti ya Chizuru. "Mbona leo? Kuna nini? Baba mzima?"

"Baba yako mzima. Chizuru, nisikilize, usinikatize. Yale warabi. Usimpe mtoto tena, hata kidogo. Yaliyobaki tupa. Majivu yetu ni machafu, baba yako ameyapima, kuni zilinyeshewa, na mimi ndimi niliyetumia majivu, nilikuwa sijui, karatasi ilikuja nikaipigia muhuri sikuisoma." Maneno yalinitoka kama matapishi, siwezi kuyazuia. "Mpeleke hospitali. Waambie wampime. Waambie amekula kiasi gani, mara saba, bakuli zima kila mara, ulisema bakuli zima. Chizuru! Unanisikia? Amekula kiasi gani?"

Nikasikia katuni za watoto kwa mbali, na sauti ndogo inacheka.

"Mama," akasema. "Hajala."

"Hajala leo?"

"Hajala kabisa. Hata siku moja."

Sikuelewa. Nilimtazama Tokuji, naye hakuwa amesikia, akanifanyia ishara ya kuuliza. "Lakini ulisema anataka tena. Ulisema kamaliza bakuli."

"Nilisema hivyo."

"Uliyapeleka wapi?"

"Nilitupa, Mama." Sauti yake ilikuwa imeanza kukatika. "Tangu boksi la kwanza. Na mchele mliotuma mwaka jana. Na yale matunda makavu ya mpersimoni. Kila kitu. Nilikuwa nasubiri Kotone alale ndipo nitupe, asione kwamba vya bibi vinatupwa. Halafu Jumapili nakupigia. Ningekwambiaje? Ungenielewa? Wewe ulikuwa na furaha ile."

Nitasema ukweli: kitu cha kwanza kilichonipanda kilikuwa hasira. Hasira hasa, ya kunitia giza machoni. Nikaona mikono yangu kwenye beseni, nikaona jinsi nilivyochagua chipukizi moja moja, nikajiona kila Jumapili nimesimama wima kama mtoto wa shule nasubiri kusifiwa, na kumbe kule kapu la taka limeshiba. Mwaka mzima binti yangu ananidanganya kwa sauti tamu. Na mchele, jamani! Mchele alioupima shemeji yake Monma mwenyewe huko Aizu, mbali na pwani, mchele usio na hatia.

"Chizuru," nikasema, na nilikuwa nataka kumwambia neno baya.

"Mama, nisamehe. Mara moja tu nilishindwa. Boksi la tatu. Nilifungua nikasikia ile harufu, nikala nimesimama jikoni, kwa vidole, mpaka nusu. Mimi peke yangu. Kotone sikumpa."

Lile neno baya sikulipata tena. Nilisikia kule nyuma yake mtoto anauliza, "Ni bibi? Mama, ni bibi?" Sauti safi, ya mtoto aliyeshiba, asiye na homa wala kitu. Ndipo ikaniingia. Mtoto yule angekuwa na mama mtiifu, mama anayemwamini mama yake kama mimi nilivyomwamini wangu, angekuwa amekula mabakuli saba. Kilichomwokoa ni kwamba binti yangu hakuniamini.

Machozi yakaanza kunichuruzika, sijui kwa lipi kati ya hayo yote. Tokuji akadhani mtoto ameugua, akanyanyuka, uso umemwisha damu. Nikamfanyia ishara akae.

Nikaweka mkono mmoja sakafuni, nikainama mbele ya ile simu mpaka paji la uso likagusa mkeka, kama mtu anavyomwinamia mgeni aliyemletea zawadi kubwa. Chizuru hakuniona, lakini nadhani alisikia pumzi yangu imeshuka chini.

"Asante kwa kutupa, mwanangu," nikamwambia. "Asante. Umefanya vizuri sana."

Hapo ndipo alipoanza kulia kwa sauti, na mimi nikabaki nimeinama vile vile nikimsikiliza, mpaka mtu wa mizigo alipobisha hodi kuja kuchukua boksi.